Jina la Dereva

Asubuhi hiyo Mzee Masoudi alivaa kanzu yake ya Idi na koti juu yake, ingawa safari yenyewe ilikuwa ya kutoka Nachingwea mjini kwenda Narung'ombe tu, upande wa Ruangwa. Mwanawe wa kiume, Fahadi, alikuwa amepata mchumba huko. Mshenga alishakwenda na kurudi, na sasa wazee walitakiwa kufika wenyewe kujitambulisha. Kwa desturi Fahadi hakutakiwa kuwamo. Waliokwenda walikuwa watatu: mzee mwenyewe, dada yake Hadija, na binti yake mkubwa Mwamina, ambaye alikuja kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya shughuli hiyo.

Wazo la kukodi gari lilikuwa la Mwamina. Alikuwa na karakana ya kushona sare za shule huko Mbagala, na sare hizo alizisambaza mwenyewe kwa kipikapu chake, kwa hiyo usukani haukumtisha. Hakutaka baba yake na shangazi yake washuke kwenye bodaboda mbele ya wakwe, nguo zimejaa vumbi na shangazi ameshikilia mtandio kwa meno.

Mwenye magari aliitwa Bashiri. Alikuwa na magari matatu ya kukodisha na ofisi ya chumba kimoja karibu na stendi. Aliwapa viti, akamwamkia mzee, kisha akaeleza masharti yake. Gari lilikuwa Noah ya rangi ya fedha, safi, matairi mapya.

"Ila kuna jambo moja," alisema. "Bima ipo. Lakini gari likigongwa, bima hailipi yote. Sehemu ya kwanza inabaki kwa aliyekodi, na siyo ndogo. Sasa mimi nina nyongeza. Unaongeza kidogo tu juu ya kodi, halafu likichubuka, likibonyea, taa ikipasuka, hayakuhusu. Nabeba mimi."

"Na asiyeongeza?" Mwamina aliuliza.

"Huyo anaomba Mungu," Bashiri akasema, akacheka.

Mzee Masoudi hakucheka. "Kijana, unajua unaongea na nani? Mimi ujana wangu wote nimeendesha lori la ushirika. Korosho za Marambo zote nimezipeleka Mtwara mimi, masika, barabara ya tope, madaraja ya magogo. Sijagonga hata kuku. Leo nikate nyongeza ya kwenda Narung'ombe?"

"Sijakudharau, mzee wangu. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu wa kuuza hofu."

Mwamina alikuwa na neno "weka" mdomoni kabisa. Pesa yenyewe haikuwa ya kumwumiza kichwa. Lakini baba yake alikuwa amemgeukia, anangoja kusikia binti yake atasema nini juu ya mkono wa baba yake, na mbele ya mtu baki. Akalimeza.

"Acha tu, kaka Bashiri. Tunakwenda na kurudi."

Bashiri aliweka funguo juu ya meza. Mzee Masoudi akanyoosha mkono kuzichukua. Kiganja kilitua pembeni, mbali na funguo, kikapapasa mbao huku na huku, kisha kikazipata na kuzifumbata upesi, kama mtu aliyefumaniwa. Bashiri alimtazama Mwamina. Mwamina akageuza macho, akasoma kalenda iliyokuwa ukutani.

Nje, mzee alianza kulizunguka gari, anaugonga mlango kwa vifundo vya vidole, anamweleza dada yake namna magari ya siku hizi yalivyo mepesi. Mwamina akasema amesahau simu. Akarudi ndani, akasimama mbele ya meza ya Bashiri, akaongea kwa sauti ya chini.

"Ile nyongeza, niandikie."

Bashiri hakuuliza kwa nini. "Inamhusu dereva anayeandikwa tu. Akiendesha mwingine, haipo. Niandike nani?"

"Mimi."

"Mzee hataendesha?"

"Nitaendesha mimi."

Alipokuwa akilisema neno hilo aliliamini. Alikuwa ameshapanga namna ya kulisema kwa upole: baba, leo wewe ni mgeni rasmi, kaa nyuma na shangazi, acha mwanao akuendeshe. Lakini alipotoka nje alimkuta baba yake ameshakaa kwenye usukani. Alikuwa anavuta kiti mbele, anarekebisha kioo, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Mwamina hakuwa ameiona tangu mama yake azikwe. Alikuwa anapiga mluzi.

"Panda, mama," mzee akasema. "Tusiwacheleweshe watu."

Mwamina alisimama ameshika mlango. Shangazi Hadija alikuwa nyuma, kikapu cha zawadi mapajani, anamwangalia. Lilikuwa jambo la sentensi moja. Akazunguka gari, akaketi upande wa abiria, akafunga mkanda.

Mwanzoni mambo hayakuwa mabaya. Mzee alijua kubadilisha gia kwenye kilima na kulegeza kwenye kona, mikono yake ilikumbuka. Lakini alishika katikati ya barabara. Pikipiki zilizokuja mbele zilimpisha zenyewe, zikimpigia honi kwa hasira. Pahali pamoja alifunga breki kali kwa ajili ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa mfuko wa saruji uliotupwa.

"Baba, nikupokee kidogo?"

"Umechoka kukaa?"

Shangazi Hadija alisema jambo kwa Kimwera, taratibu, na mzee akamjibu kwa mkato. Mwamina, aliyekulia mjini kwa mama zake wadogo, hakulipata vizuri. Alisikia tu neno la macho.

Ulikuwa msimu wa ufuta. Kushoto na kulia mashambani mabua yalikuwa yamefungwa mafungu na kusimamishwa yakauke. Lami iliisha, wakaingia barabara ya changarawe, na mbele yao, kwenye mteremko, kulikuwa na kalavati jembamba lenye vizingiti vya zege kila upande. Mtu mmoja alikuwa amelifikia, anasukuma baiskeli iliyobebeshwa gunia la ufuta. Alisikia gari, akageuka, akasogea pembeni kadiri ilivyowezekana.

Gari halikupunguza mwendo.

"Baba, mtu!"

"Wapi?"

Mwamina aliushika usukani akauvuta. Kulikuwa na mlio wa chuma ukikwaruza zege, taa ikapasuka, gari likatingishika na kusimama likiwa limeegemea kizingiti. Mbele yao hapakuwa na mtu wala baiskeli.

Mwamina aliteremka mbio. Yule mtu alikuwa chini mtaroni, amekaa, anajishika kiwiko. Baiskeli ilikuwa imelala juu ya miguu yake na gunia limepasuka. Ufuta ulikuwa unamwagika bado, mweupe, unaingia kwenye mchanga.

"Umeumia, kaka?"

"Nimejirusha mwenyewe," mtu yule akasema. Alikuwa na umri wa Mwamina hivi, mwembamba, amevaa shati la timu ya mpira lililopauka. Aliitwa Protasi, mkulima wa Chunyu, na alikuwa anapeleka ufuta ghalani Narung'ombe. Alisimama, akajaribu mguu, akajaribu mkono. Kisha akamtazama Mzee Masoudi, aliyekuwa ameshuka na kusimama akishikilia mlango.

"Mzee, hukuniona?"

"Jua," mzee akasema. "Jua lilinipiga machoni."

Protasi aliangalia juu. Tangu alfajiri mbingu ilikuwa imefunga mawingu mazito. Aliinama akaanza kuukusanya ufuta wake kwa viganja. Shangazi Hadija akavua kanga yake ya juu, akaitandaza, wote wakapiga magoti wanakusanya. Mzee naye aliinama na kanzu yake nyeupe. Mwamina alimwona anavyochota: mchanga, mchanga, mchanga, mara chache punje. Protasi naye alimwona. Akamshika mzee mkono, akamwinua kwa upole, akamwambia, "Basi, baba. Inatosha."

Mwamina alimwachia pesa ya ufuta uliopotea, naye akaipokea bila kuitazama. Alipoambiwa apande gari wampeleke, alitikisa kichwa. "Hapana. Nitafika tu."

Kutoka hapo Mwamina aliendesha. Hakuna aliyepanga hivyo. Mzee alizunguka mwenyewe akaketi upande wa abiria, akawa anapangusa vumbi la magotini, anapangusa mahali palipokwisha kuwa safi.

Mzee Yunusi, baba wa binti aliyeposwa, aliwapokea uani pamoja na ndugu zake. Mikeka ilikuwa imetandikwa, na harufu ya wali na mbaazi za nazi ilikuwa imejaa uwanja mzima. Baada ya salamu macho ya wenyeji yakaenda kwenye gari: ubavu wa kushoto umechanika kutoka mbele hadi nyuma, taa imening'inia.

"Barabara zetu zimewapokea vibaya?" Mzee Yunusi aliuliza.

Mwamina alifungua mdomo, lakini baba yake alimtangulia.

"Siyo barabara. Ni binti yangu huyu. Watoto wa mjini, wamezoea lami. Nilimwambia polepole, polepole, wapi!"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Kijana mmoja wa nyumba ile akasema, "Dada, huku kalavati halimpishi mtu." Na Mwamina akacheka nao. Alisikia kicheko chake mwenyewe kikitoka, chembamba, kama cha mtu mwingine. Shangazi Hadija alijifanya anatafuta kitu ndani ya kikapu.

Walikaa. Maneno yakaenda kama yanavyokwenda siku hizo: ukoo kwa ukoo, nani alimzaa nani, babu yupi alihamia wapi. Mzee Masoudi alipopewa nafasi alisema vizuri, kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Sisi siyo matajiri. Shamba tunalo, mikorosho ipo, njaa hatuijui. Lakini kikubwa tulichonacho ni kauli. Tukisema jambo, jambo ni hilo hilo. Binti yenu atakuja kwenye nyumba ya watu wakweli."

Wazee wakaitikia. Mwamina alikazia macho mstari wa mkeka. Alihisi joto likimpanda shingoni, na hakujua anaona aibu kwa ajili ya baba yake au kwa ajili yake mwenyewe.

Maji ya kunawa yalikuwa yameanza kupitishwa ndipo ilipobishwa hodi, na Protasi akaingia uani anasukuma baiskeli. Alikuwa na desturi ya kuiacha hapo kila alipokwenda ghalani. Aliwaona, akatabasamu kwa mshangao.

"Kumbe mlikuwa mnakuja huku! Mzee, pole tena. Kifua hakiumi? Maana usukani ulikubana." Akamgeukia Mzee Yunusi. "Huyu mzee leo nusura anizike. Namwona anakuja, nasema atanikwepa, kumbe hanioni kabisa! Bahati dada aliuvuta usukani." Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anavyomshauri jirani, "Mzee wangu, nenda ukapimwe macho."

Msichana aliyekuwa anamimina maji alisimama na birika hewani. Hakuna aliyemtazama Mzee Masoudi. Ndilo lililokuwa baya zaidi, watu wote wazima wale wakijitafutia kitu cha kutazama: bati, kuku, kucha zao.

"Karibu chakula, Protasi," Mzee Yunusi alisema hatimaye.

"Nashukuru, nawahi foleni." Protasi akaegemeza baiskeli, akabeba gunia lake lililofungwa kwa kanga ya Shangazi Hadija, akatoka. Hakujua alichokifanya.

Mzee Yunusi alikuwa mtu mwungwana. Alianza kuzungumzia bei ya ufuta, kisha dawa za mikorosho, kisha mvua za mwaka jana, na ndugu zake wakamsaidia. Walijitahidi sana. Mzee Masoudi alinyoosha mkono kwenye sinia, ukagusa mkeka. Akaunyoosha tena, ukagusa ukingo. Mwamina alisukuma sinia kidogo kuelekea kwa baba yake, kwa siri, kwa goti. Mzee alihisi. Aliurudisha mkono wake mapajani akasema ameshiba.

Walipoagana Mzee Yunusi alisema, "Tumewasikia. Tutakaa kama familia, tutawapigia." Kila mtu husema hivyo. Lakini Mzee Masoudi alijibu, "Inshallah," kwa sauti ndogo mno hivi kwamba Shangazi Hadija ikabidi airudie kwa niaba yake.

Walirudi kwa njia ile ile mpaka walipokaribia kalavati.

"Simama," mzee akasema.

Mwamina akasimama kando. Njiwa walikuwa wametua mtaroni, wanadonoa. Mzee Masoudi hakuweza kuwaona, lakini alitazama upande ule.

"Nimekuvunjia heshima mbele ya watu," alisema. "Umenisitiri, na mimi nikakutupa. Sijui kwa nini. Neno lilitoka tu. Niliona wanaangalia gari, nikasema wakijua siwezi hata kuendesha, watanionaje."

"Yamepita, baba."

"Hayajapita. Macho yana muda. La kushoto lilianza zamani. Hadija anajua. Nilimkataza asikwambie. Nilidhani hakuna anayeona."

Hapo Mwamina angeweza kunyamaza. Lakini alimwona baba yake amejivua hivyo, na yeye amejifunika, akashindwa.

"Mimi niliona," alisema. "Kwa Bashiri. Ulipokuwa unatafuta funguo mezani. Sikusahau simu, baba. Nilirudi kuchukua ile nyongeza. Nikamwambia dereva ni mimi."

Alidhani mzee atakasirika kwa sababu ya kudharauliwa. Alishaandaa maneno ya kumtuliza. Mzee Masoudi aligeuza uso wake taratibu, macho yake yakiwa yamelenga mahali fulani karibu na bega la binti yake.

"Kumbe ulijua."

"Nilijua."

"Ukanipa usukani."

Mwamina alikitazama kizingiti kilichokwaruzwa.

"Mimi ni mzee mjinga, najidanganya. Mjinga hujidanganya, ndiyo kazi yake. Lakini wewe ulijua. Ukatengeneza mambo ya gari, lisije likakugharimu. Na yule kijana je? Yule wa ufuta? Yeye ulimkatia nini?"

Nyuma, Shangazi Hadija alivuta pumzi. "Masoudi, usimseme mtoto."

"Simsemi. Namuuliza."

Hakuwa amepandisha sauti. Mwamina aliweka mikono juu ya usukani, kisha akaishusha. Asubuhi yote alikuwa amejiona mtoto mwema: amemlindia baba heshima yake, amelinda mfuko wake, hakuna aliyeumizwa moyo. Hakuwa amewafikiria watu wa barabarani hata kidogo. Walikuwa hawamo kabisa kwenye hesabu yake.

"Sikumfikiria," alisema.

"Hata mimi," baba yake akasema. "Twende."

Walifika kwa Bashiri magharibi ikikaribia. Bashiri alilizunguka gari, akapitisha kidole kwenye mchaniko, akaguna.

"Poleni sana. Hakuna aliyeumia?"

"Hakuna," Mwamina akasema. Akakumbuka kiwiko cha Protasi. "Siyo sana."

"Alhamdulillah. Basi, bahati yako uliongeza ile, dada. Yamekwisha. Fundi nitaongea naye mimi." Akatoa kalamu mfukoni. "Ulikuwa unaendesha wewe, siyo?"

Lilikuwa swali la kukamilisha kazi tu. Alishaanza kuandika kabla hajajibiwa. Mwamina aliona namna siku hiyo ingeweza kuishia pale, na jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Ndiyo," alisema.

Mlango wa abiria ukafunguka. Mzee Masoudi alishuka akipapasa ardhi kwa mguu, akalishika gari, akasimama wima.

"Nilikuwa mimi."

"Mzee..." Bashiri akasema.

"Uongo huo niliusema mimi mchana mbele ya watu. Usisemwe tena jioni kwa ajili yangu. Andika mimi. Leseni yangu imekufa zamani, andika na hilo."

Bashiri alimtazama Mwamina, kalamu mkononi, akingoja amwokoe. Mwamina alitazama chini. Ilikuwa mara ya pili siku hiyo Bashiri kumtazama, na mara ya pili yeye kukwepa.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Alikuwa anaendesha baba. Nami nilikwambia vingine tangu asubuhi."

"Dada, sasa hiyo nyongeza haina kazi tena. Unajua?"

"Najua."

Bashiri hakugomba. Alikata alichoandika, akaandika upya, na namna alivyoacha kumwita "dada" na kuanza kumwita "mama" ilimwonyesha Mwamina kwamba kuna kitu kimepungua. Gharama ya matengenezo waliigawa kwa miezi, naye akailipa yote. Hiyo haikuwa shida. Watu hulipa magari kila siku.

Shida ilikuwa simu. Mzee Masoudi aliingoja simu ya Narung'ombe akiwa na simu yake kifuani, sauti ameiweka ya mwisho. Ilipokuja, ililia kwa Shangazi Hadija. Mzee Yunusi alisema familia imekubali, binti yake Rukaiya na Fahadi waoane, mipango iendelee. Aliongea kwa heshima, akawasalimia wote. Lakini alimpigia Hadija. Nyumba nzima ilishangilia, Fahadi akamkumbatia baba yake, na mzee akatabasamu na kusema Mungu ni mwema. Halafu akaitoa simu kifuani, akaiweka juu ya meza, na hakuishika tena siku hiyo.

Mwamina aliahirisha kurudi Dar. Alimpeleka baba yake hospitali. Daktari akasema jicho la kulia ni mtoto wa jicho, litasafishwa na litaona. La kushoto limeuawa na presha ya macho, hilo halirudi. "Mngekuja mapema," daktari alisema, na alipokuwa akisema alimtazama Mwamina, mtu wa mjini, mwenye simu kubwa na pochi nzuri, aliyekuwa akija nyumbani kila Idi na kuondoka na korosho.

Jicho lilipotolewa bandeji, kitu cha kwanza mzee alichotaka ni kwenda Chunyu. Walipanda basi mpaka Ruangwa, wakachukua bajaji, wakauliza njia. Protasi alikuwa uani kwake anarekebisha mpini wa jembe. Aliwatambua, akainuka, akatafuta viti. Mkewe akaleta maji. Mtoto wa kike wa miaka kama mitatu alikuja akajificha nyuma ya miguu ya baba yake, akawachungulia wageni.

Mzee Masoudi hakuketi. Aliomba radhi amesimama, kofia mkononi. Alisema hakuwa anaona na alijua kwamba haoni, na kwamba lile la jua lilikuwa uongo. Protasi alikuwa anahangaika, anasema "Basi, mzee, basi," anamshika mkono. Kuombwa radhi na mtu wa umri wa baba yake kulimtesa.

"Umepona, ndiyo kubwa," alisema. Kisha akamgeukia Mwamina kwa uso mkunjufu. "Na wewe dada asante. Ungekuwa hukuuvuta usukani, mimi sipo. Na umempeleka mzee hospitali. Watoto wa namna yako ni wachache."

Mzee Masoudi alisikia. Alikaa sasa kwenye kiti, akanywa maji yake, akamwacha binti yake ajibu.

Mwamina angeweza kusema "ahsante" tu. Mke wa Protasi alikuwa anamtabasamia.

"Kaka Protasi," alisema, "mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba baba haoni. Nilijua kabla hatujatoka Nachingwea. Nikanyamaza nisimwaibishe. Nikachukua bima ya gari, nikapanda."

Protasi alikaa na tabasamu lake kidogo, kama mtu aliyesikia lugha nyingine na anangoja atafsiriwe. Kisha likatoka. Alimtazama mkewe, akatazama chini, kichwani kwa mtoto aliyeng'ang'ania suruali yake.

"Huyu," alisema, "nilikuwa nataka kwenda naye siku ile. Alilia sana nimpakie. Mama yake ndiye aliyekataa, kwa sababu ya mafua."

Aliokota jembe lake, akalitazama mpini, akaliweka tena chini. Mke wake aliacha kutabasamu. Mwamina aliomba radhi, mara moja, kwa maneno machache kwa sababu mengi yangekuwa ya kujitetea. Protasi aliitikia kwa kichwa tu. Hakusema "basi, dada." Hakusema yamekwisha.

Baada ya muda mkewe aliondoka na bilauri, akarudi na mbaazi mbichi kwenye mfuko, akampa Mzee Masoudi akale na wa nyumbani. Mzee akashukuru. Walisindikizwa mpaka njiani, mzee na Protasi mbele, wanazungumza habari za ghala na bei. Mwamina alifuata nyuma peke yake, na hakuna aliyegeuka kumngoja.